Kware Aliyegeuza Shingo

Mkate ulikuwa katikati ya wanawake wawili, umefungwa kwa kitambaa cheupe, na hakuna aliyeugusa.

Nilisimama nyuma ya pazia la jikoni, birika la chai mkononi, nasubiri mlio. Kwetu Nurota mlio huo ndio uchumba. Mama wa kijana analeta mkate, mkubwa wa upande wa msichana anaushika upande wa pili, wanavuta, unamegeka, na tangu hapo msichana ana mwenyewe. Mkate uliookwa vizuri ukimegwa unasikika mpaka uani. Mimi nilikuwa karibu kuliko uani, na sikusikia kitu.

"Bibi Robiya," alisema Bi Mavjuda, mama yake Dilshod, "tusiwe na haraka. Mkate hauozi."

"Unakauka," bibi yangu alimjibu.

"Watoto bado wadogo."

"Sanobar ana miaka ishirini na minne. Wewe ulipokuwa na umri huo ulikuwa unamfukuza Dilshod kwa fagio, ameiba zabibu."

Bi Mavjuda akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Nilimwona kupitia upenyo wa pazia. Alikuwa anazungusha bakuli lake la chai, anazungusha tu, hanywi.

"Mambo yamebadilika dukani, bibi. Dilshod ameleta ile akili ya kompyuta. Unaiambia nataka makomamanga, pembeni nataka majani, hata chai haijapoa, nakshi iko tayari. Inachapwa juu ya kitambaa chenyewe, wanawake wanatarizi. Zamani namsubiri Sanobar amalize mpaka mteja amerudi kwao."

"Kwa hiyo?"

"Nasema tu. Dilshod alikuwa ananiambia, mama, mkono kama wa Sanobar utaupata wapi? Nikawa nanyamaza, kwa sababu kweli sikuwa na pa kuupata." Akaliweka bakuli chini. "Sasa umo ndani ya boksi."

Birika lilikuwa linaniunguza vidole nami nimelishika vilevile.

Akaongeza, kama mtu anayezungumza habari za mvua, kwamba kule mjini Navoiy kuna binti mfamasia, wa watu wazuri. Kisha akainuka, akambusu bibi begani, akaenda zake. Mkate hakuumega na hakuuchukua. Angeuchukua, ingekuwa amekataa.

Bibi aliuweka juu ya kabati.

"Tumrudishie," nilisema.

"Una miguu huo? Hauna. Basi utakaa hapo."

Bibi ndiye aliyenilea, mama akiwa Urusi kwa kazi. Shule niliiacha mapema, macho ya bibi yalipoanza kuchoka, nikaishika kalamu yake. Kazi yetu ni kuchora nakshi kwa wino juu ya vipande vya pamba vilivyoshikizwa kwa uzi. Tukimaliza tunavifumua, kila mwanamke anachukua kipande chake kwenda kutarizi kwa hariri, kisha vinaunganishwa tena. Kitambaa cha harusi kwetu hutundikwa chumbani siku ile maharusi wanapoingia, na bwana harusi hatakiwi kukiona kabla yake. Na daima tunaacha kitu kimoja hakijamalizwa, jani au ua. Kikimalizwa chote, ni kama umemwambia bi harusi kwamba furaha yake imeishia hapo.

Changu mwenyewe nilikuwa nimekwisha kukichora na kukitarizi. Katikati niliweka kware wawili. Mmoja anakwenda mbele, mwingine amegeuza shingo. Jicho la huyo aliyegeuka sikulitia.

*

Asubuhi nilikwenda dukani kwao. Liko kwenye njia ya chemchemi, pale wageni wanaposhuka kwenda kuwatazama samaki. Nilitaka kuiona hiyo akili kwa macho yangu. Sikwenda kugombana.

Dilshod aliponiona aliinuka kwa haraka mpaka akagonga goti kwenye meza.

"Sanobar! Aa, goti langu! Njoo uone. Nilitaka nikushtukize, mama amekwisha kuniharibia, siyo?"

"Salaam alaykum, Dilshod aka."

Kwetu msichana hamwiti mchumba wake kwa jina tupu. Anamwita aka, kaka mkubwa, na namna anavyolivuta hilo neno, kila mtu anajua kwamba si kaka.

"Waalaykum salaam. Kaa hapa. Sasa sema chochote. Unataka nini kwenye kitambaa?"

"Sijui."

"Sema tu!"

"Mlozi uliochanua."

Akaandika. Kioo cha kompyuta kikatulia kidogo, kisha mlozi ukatokea, matawi yake yamejipinda kwa raha, maua yameegemeana kama wasichana kwenye harusi. Nikainama kuutazama. Nilitafuta kosa kama mtu anayetafuta kijiwe kwenye mchele, na sikulipata. Ulikuwa mzuri. Mimi ningeinama juu yake tangu asubuhi hadi jioni, na sina hakika kama ungekuwa mzuri zaidi.

"Umeona?" Sauti yake ilikuwa chini sasa. "Nakumbuka ile kazi ya kiangazi, ulipokuwa huwezi hata kunyoosha mgongo. Bibi akikukanda mafuta, unalia. Nikawaza, siku akija kwangu, mgongo huu hautauma tena. Nimekufanyia wewe, Sanobar."

Macho yake yalikuwa yanang'aa. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kumwambia. Lakini alikuwa Dilshod, na alikuwa ananipa zawadi.

Ndipo nikaona foronya kwenye rafu nyuma yake.

Zilipangwa kwa rundo, na kila moja ilikuwa na kware. Kware pembeni, kware katikati, kware kwenye kingo, wote wamegeuza shingo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anakwenda mbele. Wote wanatazama nyuma, na nyuma hakuna anayetazamwa. Na kila mmoja alikuwa ametiwa jicho.

"Hawa umewatoa wapi?"

"Hao? Kompyuta imewatunga yenyewe. Wageni wanawagombania, hujui tu."

"Haikuwatunga."

"Inajifunza kwa kutazama picha. Nimeipa picha zote zilizokuwa kwenye simu ya mama, za kazi za bibi, za kwako, za wazee wa zamani."

"Na kitambaa changu."

"Kitambaa gani?"

"Cha harusi, Dilshod."

Lile neno aka sikulitia. Alilisikia pengo lake kuliko ambavyo angesikia ukelele. Nikaona uso wake unabadilika.

Wakati wa baridi Bi Mavjuda alikuja nyumbani kuangalia vitu vya bi harusi, kama desturi kabla ya mkate. Bibi akamfungulia sanduku. Akavisifu, akatoa simu, akapiga picha. Tukadhani anapiga za kumbukumbu.

"Sikujua," alisema Dilshod. "Wallahi sikujua. Nilizimwaga zote kwa pamoja, sikutazama moja moja."

"Ndiyo hivyo. Hukutazama."

"Nitazitoa. Leo hii nazitoa. Sanobar, ni foronya tu."

"Ni foronya tu," nilisema. "Na jana mama yako hakumega mkate."

"Ameniambia mmeahirisha. Eti bibi anaumwa."

"Bibi yangu mzima kama punda! Mama yako amesema ule mkono uliokuwa unamsifia kila siku, sasa umo ndani ya boksi. Anamtaka mfamasia." Nikajifunga kitambaa changu cha kichwa vizuri. "Ulikuwa na neno moja tu la kumwambia mama yako kuhusu mimi. Neno lenyewe umelipeleka ukalichapa."

Aliniita mpaka nilipopita kwenye tanuri la mikate. Sikugeuza shingo.

*

Siku zilizofuata mkono wangu ulikataa. Nilitandika kitambaa, nikachovya kalamu, wino ukakauka kwenye ncha. Kila mstari niliotaka kuupiga niliuona kwanza kwenye kile kioo, umekwisha kuchorwa.

"Anza hata jani," bibi aliniambia.

"Jani lipo, bibi. Hata wewe ukilitaka saa hizi utaletewa."

"Mimi silitaki hilo. Mimi nataka la kwako, ambalo daima limepinda kushoto kama mguu wa babu yako."

Nilicheka, kisha nikalia. Bibi akaendelea kupasua kokwa za aprikoti kwa nyundo yake ndogo, akinisogezea mbegu tamu mojamoja bila kunitazama.

Alasiri moja lango likagongwa.

"Bibi, naweza kuingia?"

"Kama umekuja na akili yako mwenyewe, ingia," bibi alimjibu. "Ile nyingine iache nje."

Dilshod aliingia na furushi mgongoni. Alikuwa amekonda, au labda hakuwa amenyoa. Akalifungua furushi miguuni pangu. Zilikuwa foronya, rundo zima.

"Nimezitoa zote. Kitambaa chako nimekifuta ndani ya mashine. Na kama unataka nifute mashine yote, nafuta leo. Sema tu."

"Usiifute."

"Kwa nini? Ndiyo iliyoharibu kila kitu."

"Ukiifuta, mama yako atanitaka tena kwa sababu hana mashine. Sitaki kuingia nyumbani kwenu kama kipuri."

Akakaa kwenye ngazi, pale alipozoea kukaa tangu utotoni.

"Mama yako alinitaka kwa ajili ya mkono," nilisema. "Wala sikuchukia. Nilifurahi. Nilidhani mkono ndio mimi mwenyewe. Sasa mkono umepatikana kwingine, tena hauumwi mgongo. Wewe je? Wewe ulikuwa unanitakia nini?"

Nyundo ya bibi ilinyamaza. Dilshod alitazama chini. Nilimjua. Huyu si mtu wa maneno ya haraka, na nilimwachia nafasi.

"Ukichora unabana pumzi," alisema mwishowe.

"Nini?"

"Hujui? Kalamu ikigusa kitambaa tu, unabana. Unakwenda na mstari mpaka mwisho wake, ndipo unahema. Nilikuwa nakuja na mama kuchukua kazi, nakaa hapa. Siku moja nikaanza kubana na mimi. Nataka nione kama nitafika nawe mwisho. Ile siku ulipochora mzabibu wa ukingo, mrefu ule, nikaanguka."

"Kumbe!" Bibi aliruka na nyundo yake. "Nikadhani ni jua! Nikakumwagia maji na tikiti nikakukatia!"

"Tikiti lilikuwa tamu, bibi."

"Mshenzi wewe!"

Dilshod akatabasamu kidogo, kisha akanigeukia tena. "Ulichokuwa unachora siku nyingi hata sikikumbuki, Sanobar, nisikudanganye. Maua ni maua. Mimi nilikuwa nasubiri uheme. Nimekaa na ile mashine miezi, inanipa nakshi, inanipa nakshi, na mimi nimetulia tu kama nimekaa na friji."

Nikaokota foronya moja, nikamwonyesha yule kware.

"Siku ulipokwenda kusoma Tashkent nilikuwa juu ya paa," nilisema. "Ulifika kwenye ule mti wa mforsadi wa pembeni mwa njia, mfuko begani. Baba yako anatangulia, anakuita uharakishe. Wewe ukageuka."

Alimtazama kware. Akajishika shingo.

"Huyu ni mimi?"

"Shingo ni yako. Tumbo nilikuongezea."

Alicheka mpaka akafunika uso kwa viganja, na alipoviondoa, viganja vilikuwa vimelowa.

"Nitandikie kitambaa," nilimwambia. "Shika upande huo. Usiulegeze."

Akashika. Nikachovya kalamu. Sikujua nachora nini, nikauacha mkono uende, na jani likatoka, limepinda kushoto. Nikasikia kimya chake juu ya kichwa changu. Nilipofika mwisho wa mstari nikahema, naye akahema, pumzi yake ikanigusa paji la uso.

"Mimi nipo hapa," alisema bibi. "Msidhani nimekufa."

*

Wino haujakauka, lango likafunguliwa bila kugongwa. Bi Mavjuda aliingia, kitambaa kikubwa cha zamani kimekunjwa mikononi. Dilshod alisimama mbele yangu.

"Mama, kama umekuja kusema habari za Navoiy..."

"Nyamaza wewe. Sikuja kwako." Akamwendea bibi, akaketi chini mbele yake, akakikunjua kile kitambaa. Kilikuwa cha harusi yake mwenyewe. Rangi zilikuwa zimetulia kama za matunda yaliyokaushwa. "Bibi Robiya, kijana huyu amenigombeza tangu juzi. Ananiambia nimepiga picha siri ya mtu. Nikamwambia siri gani, kitambaa ni kitambaa, nikatoa changu nimwonyeshe. Hebu tazama hapa. Tulipu hii. Kila ua lina hariri, hii moja ina wino mtupu. Miaka yote nimedhani ulisahau kuwaambia wanawake."

"Mimi? Nisahau?"

"Basi ni nini?"

Bibi alipapasa kitambaa kwa vidole, kwa sababu macho yake hayafiki tena. Akaipata ile tulipu.

"Ulikaa hapo hapo nilipokuwa nakichora," alisema. "Ulilia kutwa nzima. Hukumtaka Hamro, baba wa huyu."

"Bibi! Mbele ya mtoto!"

"Mtoto ana ndevu. Hukumtaka, na mimi sikuwa na nguvu ya kumwambia baba yako kitu. Nilikuwa na kalamu tu. Nikasema, ua hili linalotazama mlango nitaliacha wazi, binti huyu awe na mahali pa kupitishia hewa. Wanawake nikawakataza wasiliguse."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya mforsadi wetu.

"Nilimpenda baadaye," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Dilshod alipozaliwa. Alimbeba usiku kucha, mimi nilale."

"Najua. Na sindano unayo, hariri umejaza duka. Mbona hukulijaza?"

Alipitisha kidole kwenye mstari wa wino, akaenda nao mpaka mwisho, akarudi.

"Nilikuwa napenda kulitazama," alisema.

Kisha akajikohoza, akajifuta pua kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akawa tena Bi Mavjuda wa dukani.

"Foronya zitachapwa," alisema akinitazama. "Hilo msinishike. Wageni wanataka foronya, na mimi nataka kula."

"Chapa," nilisema. "Kware usiwachape."

"Kware sitachapa. Na vitambaa vya harusi..." Akakikunja chake polepole, kona juu ya kona. "Hivyo msichana mwenyewe atakuja akae hapa na wewe. Alie akitaka. Utamchorea atakachokuonyesha."

"Watakuwa wachache, mama."

Lile neno mama lilinitoka tu. Alilisikia.

"Watakuwa wachache," alikubali. "Mkate wangu uko wapi?"

Dilshod aliushusha kutoka juu ya kabati. Bibi akafungua kitambaa, akaugonga kwa kucha. Ukalia kama kigae.

"Nilikwambia unakauka."

"Shika tu, bibi, usinisimange."

Bibi akashika upande huu, Bi Mavjuda upande ule. Wakavuta. Haukumegeka. Wakavuta tena, bibi amekaza ufizi, kitambaa cha kichwa kimemteleza mpaka sikioni.

"Vuta wewe, una nguvu bado!"

"Navuta! Nani aliyekuambia uuweke karibu na bomba la jiko?"

"Nani aliyeuacha?"

"Niwasaidie?" Dilshod alisogea.

"Usiguse!" walimkemea kwa pamoja.

Akarudi nyuma, akasimama kando yangu. Nikagundua nimebana pumzi. Nikageuza shingo kumtazama, na yeye alikuwa ananitazama mimi, mashavu yamemjaa, uso mwekundu kama komamanga.

Mkate ukapasuka. Mlio wake ulitawanya kuku wote uani.

"Hema, Dilshod aka," nikamwambia.